Kusafisha gata za nyumba Dar: bei ya haki ni ipi na hela yako inalipia nini

Kila mwaka masika yakishakolea, mwezi wa nne hivi, simu yangu hailali. Fundi maji yanaingia ndani, fundi jipsamu imevimba, fundi nakuomba njoo leo leo. Mwezi wa pili jua linawaka na kazi ingekuwa nyepesi, hapo hakuna anayenitafuta. Kazi yangu mimi ni gata, ile mifereji ya ukingoni mwa paa inayopokea maji ya mvua, nafunga, narekebisha na kusafisha, nazunguka Goba, Mbezi, Tegeta, Kinyerezi mpaka Kigamboni, na swali la kwanza la kila mteja ni "bei gani?" Ni swali la haki kabisa. Shida ni kwamba majibu ya mtaani yanapishana mno, huyu anaambiwa elfu 15 na jirani yake mwenye nyumba ileile anaambiwa laki 3, kwa hiyo acha leo niweke wazi ninavyohesabu mimi ili siku ukitajiwa bei ujue imetoka wapi.

Nyumba ya chini ya vyumba vitatu, paa la kawaida, gata zinazozunguka nyumba kama mita 40 mpaka 60, natoza kati ya elfu 60 na elfu 90. Ghorofa moja inaanzia laki na nusu na inaweza kufika laki mbili na nusu. Hizi nyumba za kisasa za paa la kuficha, ukuta umepanda juu bati hulioni kabisa, elfu 100 mpaka 180 hata kama ni ya chini, na nitaeleza kwa nini. Hizo ni bei zangu za hapa Dar, fundi mwingine ana zake, na kampuni yenye ofisi na risiti ya EFD itakuwa juu zaidi, usishangae.

Sasa elfu 60 inaenda wapi. Kwanza hatuendi mtu mmoja, mimi sipandi ngazi bila mtu chini, mmoja yuko juu anatoa tope mwingine ameshika ngazi na anapokea ndoo. Kijana wangu namlipa elfu 20 kwa siku na anakula. Ngazi haipandi daladala, kwa hiyo kuna kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na ukikaa ndani ndani huko nyuma ya Goba hiyo tu ni elfu 15 kwenda na kurudi. Kuna viroba vya kubebea uchafu, glovu, silikoni ya kuziba jointi mbili tatu. Kinachobaki ndio mkono wangu. Ndio maana mtu akikwambia elfu 15 mimi sisemi ni mwizi, nasema kuna kitu amekitoa kwenye kazi, mara nyingi ni yule mtu wa pili, au kupitisha maji mwishoni, au tope ataliacha chini ya dirisha lako la jikoni. Muulize tu ni kipi.

Kinachopandisha bei kuliko vyote sio ukubwa wa nyumba bali ni miti. Mwembe unadondosha majani makubwa, yanaonekana mengi lakini yanatoka kwa mkono tu. Mkungu jani lake moja likikaa juu ya mdomo wa bomba la kushushia limeshaziba, pana kama sahani, ila nalo unaliondoa haraka. Mti unaonitesa ni mvinje. Vile vijiti vyake vyembamba vinalala kwenye gata vinashikana na vumbi vinakuwa kama mkeka, unavuta hapa unakatikia hapa, na mwarobaini nao vijani vyake vidogo vinaoza haraka vinageuka tope zito linalogandia chini. Nyumba yenye mivinje miwili kwenye uzio wa upande wa upepo naweza kukaa nayo saa tano wakati jirani yake asiye na mti namaliza kwa saa mbili. Alafu kuna kunguru wetu hawa, wanabeba mifupa ya kuku, mifuko ya plastiki, waya, sponji za kuoshea vyombo, wanakuja kulia paani na mabaki yanaishia kwenye gata. Mara nyingi nikifungua bomba lililoziba nakuta mfupa umekaa upande kwenye elbo, ile kona ya bomba, na majani yamejishikiza hapo.

Kuna nyumba moja Goba niliitwa mwaka juzi, mama mmoja mtu mzima, mstaafu, nyumba yake kaijenga kwa miaka mingi na anaipenda. Maji yalikuwa yanaingia chumba cha watoto kila mvua ikinyesha. Alishaita mafundi wawili kabla yangu, wote walipanda juu wakapaka silikoni na rangi ya kuzuia maji kwenye bati, akatoa laki mbili na kitu jumla, na bado yanaingia. Ananiambia, "Mwanangu, kama na wewe unataka kupaka dawa juu ya bati basi rudi tu, sina hela ya kutupa tena." Nikamwambia mama sipaki kitu, acha niegemeze ngazi ukutani kwanza niangalie. Nikapanda kona ya nyuma. Gata imejaa mpaka juu, na katikati umeota mche wa mwarobaini wenye urefu wa kiganja cha mkono, majani mabichi kabisa. Nikazamisha mwiko, nikakata kipande kama mtu anakata keki, na pale pembeni unaona safu, majani makavu juu, chini yake udongo mweusi wenye harufu ya matope ya mtoni, chini kabisa mchanga. Mvua ikija maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma chini ya bati, yanapita juu ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni unaoshika gata, yanaingia darini. Bati lake lilikuwa zima kabisa.

Tulitoa viroba saba siku ile. Nikamtoza elfu 80, na elfu 40 nyingine ya breketi nne zilizokuwa zimeng'oka. Lakini ubao wa fisha bodi upande ule ulishaoza, ukiubonyeza kwa kidole unazama, na jipsamu ya chumba ilibidi ikatwe ibandikwe upya na kupakwa rangi, hiyo haikuwa kazi yangu na ilimgharimu mara kadhaa ya hela aliyonipa mimi. Iliniuma sana kwa kweli, manake gata ile ingesafishwa hata mara moja kwa mwaka hayo yote yasingetokea.

Breketi zinang'oka kwa sababu ya uzito, na watu hawaamini mpaka uwapigie hesabu. Gata ya nusu duara yenye upana wa inchi 5 ikijaa maji inabeba kama lita 6 kila mita, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mita 10 ni kilo 60 zimening'inia kwenye skrubu zilizopigwa kwenye ubao, na tope lililolowa ni zito kuliko maji. Ni kama umemwacha mtu mzima ananing'inia hapo usiku kucha. Ubao ukishalegea mteremko unapotea, maji yanasimama katikati, na hapo hata ukisafisha kila wiki haisaidii mpaka gata ipandishwe tena. Mimi napenda mteremko wa nusu sentimita kila mita kuelekea kwenye bomba, naupima kwa kamba na mpira wa levo, na kuupima upya huo mteremko nikiwa nasafisha sitozi, ila kupandisha gata upya natoza kwa mita, kawaida elfu 3 mpaka elfu 5 kama vifaa ni vilevile.

Nirudi kwenye paa la kuficha kama nilivyoahidi. Hizi nyumba zinapendeza sana kwa mbele, sikatai, lakini mfereji wa maji uko ndani ya ukuta, katikati ya nyumba yako. Gata ya kawaida ikiziba maji mengi yanamwagika nje kwenye maua, hasara yake inakuja taratibu. Mfereji wa ndani ukiziba maji yanashukia juu ya kitanda chako usiku huohuo. Na mara nyingi nakuta nyumba nzima ina matundu mawili tu ya kutolea maji, mengine ni ya inchi 2, mpira wa mtoto ukiingia hapo umekwisha. Kwenye nyumba hizi natoza zaidi kwa sababu natembea juu ya bati, lazima nikanyage kwenye mstari wa misumari ambapo kuna mbao chini, polepole, bati likibonyea limeshaharibika, alafu nakagua ile jointi ya bati na ukuta sentimita kwa sentimita maana ndipo panapovuja. Mwenye nyumba ya namna hii nakushauri usafishe mara tatu kwa mwaka na uombe fundi akutobolee tundu la dharura ukutani, juu kidogo ya kitako cha mfereji, ili ukiziba maji yatoke nje ya ukuta uyaone. Tundu hilo na kipande cha bomba haizidi elfu 30 na limeokoa dari nyingi.

Kama unavuna maji ya mvua kwenye simtanki basi usafishaji wa gata sio urembo ni maji ya kunywa. Hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 mvua ikipiga milimita 10 tu, ambayo ni mvua ya kawaida hapa, ni lita 1,000, tenki dogo limejaa. Waliokuwa Dar mwaka 2022 ule mgao wa maji wa mwezi wa kumi mto Ruvu ulipopungua wanajua lita 1,000 ni kitu gani. Lakini maji hayo yamepita juu ya kinyesi cha kunguru na majani yaliyooza. Nikisafisha gata nyumba yenye tenki nachomoa bomba la tenki kwanza, naosha, na namwambia mteja mvua ya kwanza yote aiache imwagike chini. Kusafisha tenki lenyewe naongeza elfu 30 kwa lita 2,000, kwa lita 5,000 elfu 50, manake mtu anaingia ndani na mwenzake lazima awe mlangoni muda wote.

Na mbu jamani. Maji yaliyosimama kwenye gata ndio nyumba ya Aedes, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, anayebeba dengue. Dar tulipigwa na dengue mwaka 2014 tena 2019, watu wakapulizia dawa vyumbani, wakafukia makopo uani, na juu ya vichwa vyao gata ina viluwiluwi. Kwa joto letu yai linakuwa mbu kamili ndani ya wiki moja mpaka siku kumi, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yarudi. Kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi, kuta za gata lazima zisuguliwe kwa brashi. Hicho ni kitu kimoja cha kumuuliza fundi wako, unasugua au unachota tu?

Kingine, usimlipe mtu kabla hujaona maji yanapita. Mwambie aweke mpira wa maji upande wa juu, wewe simama chini kwenye bomba, maji yatoke kwa nguvu na yasibaki madimbwi nyuma. Dakika tano tu. Angalia pia ngazi anaiegemeza wapi, ikiegemea gata ya PVC gata itapasuka na hasara ni yako, ngazi inaegemea ukutani. Kama ni ngazi ya alumini na waya wa umeme unaingilia kona hiyo, kona hiyo aiache mpaka umeme ukatwe, hapo usimhimize mtu hata kidogo. Na akija na mashine ya kupulizia maji kwa presha akataka kupiga kuelekea juu kwenye vigae au bati mkatalie, anasukuma maji chini ya paa, kesho utamwita mtu wa dari.

Nyumba ya chini isiyo na mti ukiwa na ngazi imara na mtu wa kuishika unaweza kufanya mwenyewe, na mimi sioni ubaya, hela yako iende kwenye kitu kingine. Ghorofa usijaribu.

Muda mzuri wa kuita fundi ni katikati ya mwezi wa pili kabla ya masika, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Miezi hiyo nakuwa na nafasi na bei inazungumzika, mkiungana nyumba tatu za mtaa mmoja kirikuu inakuwa moja na kila mmoja namtolea elfu 10 kwenye bei yake. Mwezi wa nne bei haishuki, bati limelowa, linateleza, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima kwa kusubiri mvua ikatike.

Ukinipigia mimi au fundi yeyote usianze na vyumba vingapi, maana gata haijui vyumba. Tuma picha nne, kila upande wa nyumba picha moja, zipigwe kwa mbali mti na waya vionekane, na moja ya tano ya pale bomba linapoishia chini. Ukuta ukiwa na mstari wa kijani hapo, taja na mwezi ulipoanza kuuona.