Je, wajua? Kwa nini Bunge la Ufaransa liliitoza kodi riwaya

Tarehe 16 Julai 1850, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya magazeti yenye vipengele viwili vinavyoonekana kana kwamba havihusiani. Kimoja kilitaka kila makala ya kujadili siasa, falsafa au dini ibebe jina la aliyeiandika. Kingine kilitaka gazeti lolote linalochapa riwaya ya mfululizo lilipe sentimu moja zaidi kwa kila nakala, juu ya ushuru wa stempu, kodi ya kila nakala ya gazeti ambayo sheria hiyohiyo iliirudisha. Sheria ya kubana maoni ya kisiasa ilitafuta nini kwenye hadithi za wezi na wapenzi?

Jibu linaanzia kwenye sura ya ukurasa. Mwaka 1800 Napoleon aliyafunga magazeti mengi ya siasa ya Paris, akabakiza 13 tu, nayo yakawa chini ya jicho la serikali. Kwa kuwa mengi hayakuwa yakisemeka tena, Journal des Débats lilipiga mstari kukata ukurasa, na chini ya mstari huo likaweka mambo ya kustarehesha: uhakiki wa tamthilia, vitabu vipya, mafumbo. Sehemu hiyo iliitwa feuilleton. Siasa ilikaa juu, burudani chini.

Bei ndiyo iliyovuruga mpangilio huo. Gazeti la Paris lililipiwa kwa mwaka mzima, kama faranga 80, fedha ambazo fundi wa kawaida hakuwa nazo. Julai 1836 Émile de Girardin akaanzisha La Presse kwa faranga 40, akitegemea matangazo yafidie nusu iliyobaki. Matangazo hufuata wasomaji wengi, na wasomaji wengi hawavutwi na hotuba za wabunge. Wahariri wa zamani waliona uandishi unadhalilishwa. Majibizano yakafika pabaya, na mwezi huohuo Girardin akapambana kwa bastola na Armand Carrel, mhariri wa Le National. Carrel akafa kwa jeraha. Oktoba, La Presse likaanza kuchapa riwaya ya Balzac kipande kwa kipande, na magazeti mengine yakafuata, maana msomaji aliyeachwa njiani kwenye kisa kizito kesho atalitafuta gazeti.

Kisha akaja Eugène Sue. Alikuwa daktari wa jeshi la majini zamani, mpenda anasa, aliyejulikana kwa hadithi za baharini. Kuanzia Juni 1842 hadi Oktoba 1843 riwaya yake Les Mystères de Paris ilitoka katika Journal des Débats, gazeti la wahafidhina walioiunga mkono serikali. Ilianza kama kisa cha kusisimua: vichochoro vya Paris, majambazi, na mtawala aliyejigeuza mfanyakazi. Halafu barua zikaanza kumiminika. Mamia ya barua hizo zimehifadhiwa hadi leo. Wasomaji walimweleza shida zao, walimsahihisha, walimwomba msaada. Na hadithi ikageuka. Sue akaanza kusimamisha kisa ili ajadili hali ya magereza na gharama za mahakama kwa maskini. Hata akachora mpango wa benki ya kuwakopesha bila riba wafanyakazi waliokosa kazi.

Hebu fikiria karatasi hiyo moja. Juu ya mstari, tahariri inaitetea serikali ya Mfalme Louis-Philippe. Chini yake, mtu anauliza kwa nini mwizi wa mkate anaozea jela. Enzi hizo ili upige kura ilibidi uwe unalipa kodi ya angalau faranga 200 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wa waliokuwa wakiifuatilia riwaya hawakuwa na kura. Kwenye gazeti zima, pembe pekee iliyosikiliza maoni yao ni ile ya burudani.

Mapinduzi ya 1848 yakawapa wanaume wote kura. Tarehe 28 Aprili 1850, Paris ikamchagua Sue kuwa mbunge kwa tiketi ya wasoshalisti. Wahafidhina wakashtuka. Mwezi uliofuata wakapitisha sheria iliyowaondoa karibu theluthi ya wapiga kura, na Julai wakazigeukia hadithi zenyewe. Mbunge de Riancey ndiye aliyeleta kodi ya riwaya, na mwenzake de Tinguy akaleta sharti la majina.

Kwa maoni yangu, wabunge hao waliona nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba anayesoma tahariri anajua anashawishiwa na hujihami, ilhali anayesoma kwa raha moyo wake uko wazi. Lakini barua zile zinaonyesha kwamba mengi ya yale waliyoyaogopa Sue aliyapata kwa wasomaji wake. Sharti la majina, ingawa lilikusudiwa kuyadhoofisha magazeti, naliona liliacha faida: makala isiyo na jina husemea gazeti zima, na msomaji hajui ni maoni ya nani anayouziwa.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Desemba 1851, Sue alikimbilia Annecy, wakati huo nje ya mipaka ya Ufaransa, akafia huko 1857. Hadithi za magazetini hazikufa naye. Mwaka 1863 Le Petit Journal lilitoka kwa sentimu 5 tu, likiwa limeacha siasa kabisa ili kukwepa ushuru wa stempu, na kurasa zake likazijaza habari za uhalifu na riwaya za mfululizo.