Modeli yangu na mesej za "nihalalieni"

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta isome maandishi ya mtu iseme kama yuko kwenye hatari ya kujiua. Nafanyia hapa Unguja, kwa mesej walizonipa watu kwa ridhaa zao, majina tumeyafuta. Sasa Shaaban ilipokuwa ukingoni modeli, yaani hiyo programu ninayoifundisha, ikaanza kuwasha taa nyekundu kwa kila mtu, mwalimu wa madrasa, mama wa watu, kijana wa bodaboda, wote hatari. Kufungua nisome, nakuta kitu kile kile: "Ramadhani hiyo inaingia, niliyemkosea anisamehe, nihalalieni jamani." Mashine ilishajifunza kwamba anaeomba radhi kwa watu wote kwa mpigo anaaga, na hapo haikukosea sana, mana anaetaka kujiua kweli anaweza kuaga hivo hivo.

Kazi nyingi za aina hii zimefanywa kwa Kiingereza. Wataalamu wa saikolojia kama James Pennebaker walihesabu maneno wakaona mtu aliyezongwa na huzuni hujitaja mwenyewe zaidi. Kwetu ukihesabu "mimi" hupati kitu, mana hatuisemi, imejificha kwenye kitenzi. Chukua mesej hii niliyoitunga mfano wa tunazosoma: "Sina nguvu tena, sitaki kumsumbua mtu, Mungu anipumzishe." Hiyo "si" moja imebeba mambo mawili, mimi na hapana, ndo alama nzito kuliko zote, na modeli, mana inasoma neno kwa vipande, ikilikata ovyo "sitaki" inageuka "sita" na "ki", yaani imesoma namba! Na neno kujiua halimo kabisa. Kwetu ni haramu na ni aibu, mtu hatolitamka, atamuachia Mungu amchukue, kwa hivo programu inayosaka neno "kujiua" itakuletea habari za magazeti tu huku mwenye shida kapita.

Nikataka kuipa modeli kalenda ya Hijria ipuuze "nihalalieni" za Shaaban, nikasita. Je aliye hatarini akaandika siku hizo hizo? Nimeiacha alama, ila naifundisha iangalie mambo yaliyo jirani nayo. Wa Ramadhani anataja futari, anajibiwa nae anajibu. Wa pili anaacha maagizo, deni la nani lilipwe, mtoto akae kwa nani, halafu kimya, na yeye si kawaida yake kunyamaza. Mtu nampima na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, simpimi na jirani.

Na hata modeli nzuri usiipe rungu. Tuseme watu 10,000, walio hatarini 10, na modeli inapatia 90 kwa mia pande zote mbili, kwa walio hatarini na kwa wasio. Itawakamata 9, lakini itawashuku 999 wasio na kitu. Ukipeleka majina hayo yote kwa polisi au kwa wazee wao umeharibu nyumba za watu, na kesho hakuna atakaeandika la moyoni.

Ndo mana kwetu taa ikiwaka inakwenda kwa dada mmoja aliyefunzwa kusikiliza. Haandiki, anapiga simu. Anauliza wazi kabisa, "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?", mana utafiti umeonesha kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengi hapo ndo wanapumua. Akisema ndio, dada hakati simu mpaka apatikane wa kukaa nae, na asubuhi anafuatana nae Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya afya ya akili.