Kodi tatu za gitaa hazitoshi

Wengi wanaoanza kujifunza gitaa la punk, yaani roki ya kasi na kelele, kwa video huamini kuwa ni muziki wa wavivu: jua kodi tatu (chords, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), wiki moja umemaliza. Imani hiyo inaendana na mchoro maarufu wa jarida la Uingereza, Sideburns, wa miaka ya 1970, ulioonyesha kodi tatu na kumhimiza msomaji aanzishe bendi.

Kodi zenyewe ni rahisi kweli. Nyingi ni sauti mbili tu, na umbo lilelile la vidole linasogezwa juu na chini ya shingo ya gitaa. Kazi iko mkono wa kulia. Msikilize Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, bendi ya punk ya New York, katika albamu yao ya kwanza, 1976: karibu kila pigo linashuka, halipandi, kwa kasi inayochosha kifundo cha mkono. Jaribu dakika mbili tu, utaelewa!

Kwa hiyo usikodolee macho vidole vya kushoto vya mwalimu. Punguza kasi ya video hadi nusu, tazama kiganja cha kulia, na mkono ukikakamaa, pumzika kwanza.