Urafiki wa wakati wa vita katika riwaya za vijana

Riwaya ya kihistoria inapowaweka wasichana wawili katikati ya vita, kinachoisukuma hadithi ni urafiki wao. Ndiyo maana ya urafiki wa wakati wa vita katika riwaya: unabeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na mapenzi au kisasi. Kama wawili hao wangependana na kugombana vilevile wakati wa amani, mwandishi ametumia vita kama pambo.

Vita hubana urafiki kwa njia zake. Huko Bletchley Park, Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili, waliofanya kazi ya kufumbua jumbe za siri za Wajerumani walikuwa wengi wao wanawake, baadhi wametoka shule juzijuzi. Walitia saini kutunza siri, hata waliolala chumba kimoja wasiambiane kazi zao, na siri hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Hapo mwandishi hahitaji bomu. Rafiki akiuliza tu, "Mbona umerudi umenuna?", tayari kuna hatari.

Dar es Salaam ina mazingira mazito vilevile, na inaniuma kuona waandishi wetu wanayapita. Tarehe 4 Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuchukua mji kutoka kwa Wajerumani. Fikiria binti wa askari wa Mjerumani na rafiki yake, Mzaramo wa mjini. Wake na watoto wa askari wengi walifuatana na jeshi porini, kwa hiyo wa kwanza anaondoka kuelekea kusini. Huku nyuma kaka wa yule wa pili anachukuliwa na Waingereza kuwa mpagazi, kazi iliyoua maelfu kwa maradhi na njaa. Sasa kaka anabeba risasi zitakazompiga baba wa rafiki yake. Hakuna kati ya mabinti hao aliyechagua upande, na bado kila mmoja ana sababu ya kumchukia mwenzake. Riwaya nzuri haiharakishi kuwapatanisha.

Jambo moja huharibu nyingi: kumpa msichana wa 1916 uhuru wa binti wa leo. Mzaramo aliyevunja ungo aliwekwa ndani kama mwali, pengine kwa miezi mingi. Mji unaweza kubadili mtawala yeye akiwa humo, akisikia habari kwa bibi na shangazi. Mwandishi anayeijua mila hiyo atatafuta nani anapeleka salamu za rafiki ndani, na nini kinabadilishwa njiani.