Posti ya polisi: maana na kazi yake

Kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee bado husema "kambi ya AP", yaani ya polisi wa utawala, hata pale ambapo AP walishaondoka. Wanachomaanisha ni posti ya polisi: vijumba vya mabati, bendera, na askari wachache. Posti haina OCS wake, yaani afisa mkuu wa kituo cha polisi. Mkuu wake huripoti kwa OCS wa kituo kikubwa.

Jina la AP limetoka mbali. Sheria ya wakuu wa vijiji ya mwaka wa 1902 ilimpa mkuu nguvu za kutunza amani na, hasa, kukusanya kodi. Mwaka wa 1929 askari wake walitungiwa sheria yao, wakawa polisi wa kikabila. Raia wakawaita askari kanga. Jina la polisi wa utawala, yaani AP, lilikuja mwaka wa 1958, lakini kazi yao ilibaki pale pale kwa chifu. Ndiyo maana hadi leo mtu akiibiwa hukimbilia kwa chifu kwanza. Katiba ya 2010 iliwaweka AP na Polisi wa Kenya chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Kuanzia 2018, AP wengi wa vijijini wakahamishiwa Polisi wa Kenya.

Askari wa posti hupiga doria, hukamata, hutuliza ugomvi. Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeangukia wikendi.

Ila kazi ninayoiona kubwa kuliko zote ni kuandika. Niliwahi kumsindikiza mama jirani aliyeibiwa ng'ombe. Alishika kamba iliyokatwa, akaeleza yote. Askari akamsikiliza kwa upole, akasema, "Tumesikia, mama, tutafuatilia." Kalamu haikuguswa. Nikamnong'oneza: "Mama, omba namba ya OB."

OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio kilicho mezani. Kisipoandikwa kitu humo, hata ng'ombe akionekana sokoni wiki ijayo, hakuna pa kuanzia. Ripoti ikishaingia hupewa namba yake na tarehe, na hailipiwi hata shilingi.

Askari akafungua kitabu, akaandika, akamkatia kipande cha karatasi chenye namba. Mama akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la leso.