Gari la kambi linapotangatanga barabarani: tazama mzigo kabla ya kulaumu usukani

Kila mwaka Desemba ikikaribia, foleni ya ukaguzi wa hiari wa magari katika kituo chetu hurefuka. Miaka ya karibuni, ndani ya foleni hiyo yameongezeka magari ya namna moja: Toyota HiAce zilizotolewa viti, zikawekwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na sola juu ya paa, tayari kwa familia kwenda Mikumi, Lushoto au kupitiliza hadi Moshi. Ni jambo jema wananchi kutembelea nchi yao, na tunalipongeza. Ila lalamiko linalokuja nayo ni lile lile. Gari likifika kilomita 80 kwa saa linaanza kutangatanga. Dereva anarekebisha kulia, linahamia kushoto. Basi likimpita, upepo unamsukuma pembeni, kisha unamvuta kulifuata basi. Akifika Segera mabega yanamuuma kama aliyelima.

Tumeona tuandike kwa sababu wengi wanaofika kwetu wameshatumia fedha nyingi gereji, na magari ya baadhi yao yametoka huko yakiwa mabaya kuliko yalivyoingia.

Kwanza tuliweke sawa hili la "HiAce ndivyo zilivyo". Ni kweli gari hili lina umbo la kukamatwa na upepo. HiAce ya bodi nyembamba ina upana wa milimita 1,695 tu, na zile ndefu zenye bodi pana na paa la juu hufika urefu wa mita 2.285 kwenda juu. Upepo wa ubavuni, hasa maeneo kama Same, Singida au Makambako, utalisukuma, hilo haliepukiki. Lakini HiAce nzima, yenye tairi sahihi na mzigo uliopangwa vizuri, hunyooka barabarani bila dereva kuhangaika. Kutangatanga muda wote, hata siku ya utulivu, ni ubovu. Ubovu hutafutwa, hauzoeleki.

Nieleze gari moja tulilolipokea mwaka jana, maana lilikuwa na karibu kila kosa tunalokutana nalo. Mwenyewe, baba wa watoto watatu, alikuwa ameshabadilisha nzima reki ya usukani, kile kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele. Tatizo halikuisha. Tulipofungua mlango wa nyuma tukakuta tangi la maji la lita 120 limefungwa kwenye ukingo kabisa, mita moja nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, na juu ya tangi betri mbili na mtungi mkubwa wa gesi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari lile kuna mita 2.57. Tangi likijaa, ekseli ya nyuma haibebi kilo 120, inabeba kama 167, kwa sababu karibu kilo 47 zinanyanyuliwa kutoka mbele. Ni kama ubao wa kubembea: mtoto akikaa ncha ya nyuma, wa mbele anapanda. Tairi za mbele, ambazo ndizo zinazoongoza gari, zinabaki zimegusa lami kinyonge. Ongeza betri na gesi, halafu weka paani hema na madumu ya mafuta, utaelewa kwa nini usukani ulikuwa mwepesi kiasi cha kutisha.

Nyuma ilikuwa imelala, kwa hiyo fundi wake alifanya wanachofanya mafundi wengi: akaongeza majani mawili ya springi, yale mapande bapa ya chuma. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kuongeza majani hakuondoi hata kilo moja kwenye ekseli wala hakurudishi uzito mbele. Kinachofanya ni kunyanyua mkia, na siku gari likiwa halijapakiwa, mkia unabaki juu na pua inainama. Tazama uma wa baiskeli: haukusimama wima, kwa juu umelala kurudi nyuma. Mlalo kama huo upo pia kwenye magurudumu ya mbele ya gari, mafundi wanauita kasta, nao ndio unaolirudisha gurudumu katikati baada ya kona na kulishikilia linyooke. Kwa HiAce hiyo, kunyanyua nyuma kwa milimita 45 tu kunapunguza kasta kwa digrii nzima. Digrii moja hapo ni nyingi, dereva ataihisi mikononi. Mtu analipa ili gari litulie, analipunguzia kile kinacholituliza.

Tairi nazo. Gari hili huja na tairi za magari ya mizigo, na kwenye ubavu wake, baada ya saizi, utasoma 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 975. Za mteja wetu zilikuwa za gari dogo, zimeandikwa 91, yaani kilo 615 kila moja. Mbili za nyuma ni kilo 1,230. Mizani ilisoma kilo 1,410 kwenye ekseli ile, kabla familia haijapanda. Ubavu wa tairi kama hiyo unanesa kila usukani unapoguswa, gari linaelea juu yake, na nyuma inachelewa kufuata mbele. Mwendo wa namna hiyo wengi huudhania kuwa ni usukani.

Kisha upepo wa ndani ya tairi, unaopimwa kwa psi. Alikuwa amejaza psi 30 kwa sababu, kwa maneno yake, "tairi ngumu zinapasuka kwa joto la Chalinze." Jambo hili tumelisema redioni, stendi na shuleni, na tutalisema tena: inayopasuka kwa joto mara nyingi ni ile yenye upepo pungufu, kwa kuwa inajikunja zaidi kila mzunguko na kujichemsha yenyewe. Upepo unapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi, na haupunguzwi njiani kwa kuwa geji imepanda. Kiwango kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kikiwa cha Kijapani tafuta namba zenye kPa, gawanya kwa 6.9 upate psi. Kwa mfano kPa 300 ni psi 43 na nusu. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne za mwisho, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Viungo vya chini havihitaji maneno mengi, fundi mzuri anavijua. Gurudumu linyanyuliwe, lishikwe juu na chini litikiswe: likicheza ni beringi au boljointi. Lishikwe kushoto na kulia: likicheza ni tairodi endi au rekiendi, viungo vinavyounganisha reki na gurudumu. Wanachosahau wengi ni nyuma. Yuboliti, boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea, au bushi za majani zikiisha, ekseli ya nyuma inasogea milimita chache upande mmoja na gari linaanza kujiongoza kwa mkia. Hakuna reki mpya itakayotibu hilo.

Alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za magurudumu, ni ya mwisho, baada ya yote hayo, na ipimwe gari likiwa limebeba linachobeba safarini. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, kasta ikiwemo. Ukipewa "nimeshaweka sawa, bosi" bila karatasi, hujapimiwa. Gari likivuta kidogo kushoto kwenye barabara iliyoinamia upande huo ili maji yatoke, jaribu kwanza sehemu tambarare kabla ya kurudi kulalamika.

Sasa upande wa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na usukani au tairi zenye kasoro zimo. Kuna faini ya papo kwa papo. Huhesabiwa kosa kwa kosa: tairi zisizofaa na usukani unaocheza ni makosa mawili. Kulipa hakuhalalishi kuendelea na safari. Mkaguzi akiona gari ni hatari atalizuia mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Aliyeondoa viti na kubadili matumizi ya gari ahakikishe kadi ya usajili inaendana na gari lililopo: anza na ukaguzi upate ripoti, nenda nayo Mamlaka ya Mapato (TRA) pamoja na kadi ya gari, namba ya mlipakodi (TIN) na kitambulisho, kisha iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi. Utaratibu ni huo, na mpangilio ni huo. Wenye Kosta wakumbuke kuwa gari lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500 linaingia mizani ya barabarani hata kama ndani kuna kitanda na sufuria tu. Kusema "hili ni la familia" hakubadilishi uzito.

Yule baba tulimrudisha nyumbani na orodha fupi. Tangi likahamishiwa kati ya ekseli mbili, chini ya kitanda, na betri zikafuata. Majani ya ziada yakatolewa. Tairi nne za 107/105, upepo kwa kibandiko, bushi za nyuma mpya, kisha alaimenti ikiwa na maji ndani. Aliporudi, mkaguzi mwenzangu aliliendesha kwenye barabara kuu, na basi lilipowapita alihitaji kusogeza usukani kidogo tu. Reki ya zamani, aliyokuwa ameiacha gereji kama chuma chakavu, haikuwa na kosa.

Mnaokuja kabla ya sikukuu, tafadhali msije na magari matupu yaliyooshwa. Njooni na maji tangini, gesi, vyombo na kila kitu mtakachosafiri nacho, kipo pale pale kitakapokaa. Tukipima gari tupu tutakupa majibu ya gari ambalo hutaliendesha.