Fimbo ya Mnadani Huonekana Kwenye Nyama

Ng'ombe anayepakiwa kwenye Fuso mnadani Msalato, Dodoma, kwenda Pugu, Dar es Salaam, ana kama kilomita 450 mbele yake. Mara nyingi hupanda kwa fimbo na kusokotwa mkia, na akianguka njiani wenzake humkanyaga. Tukitaja ustawi wa wanyama, wengi hudhani ni huruma za Wazungu. Wakati hasara iko kwenye mzoga: kila alipopigwa damu huvilia, na mkaguzi wa nyama huamuru sehemu hiyo ikatwe itupwe. Aghalabu ni mgongo na paja, penye steki.

Hasara nyingine haionekani kirahisi. Misuli huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni, ambayo mnyama akishachinjwa hugeuka asidi na kushusha pH ya nyama (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi. Asidi hiyo ndiyo huipa nyama wekundu mzuri na kuchelewesha bakteria. Ng'ombe aliyechoshwa kwa njaa, hofu na safari hufika machinjioni sukari imekwisha. pH hubaki juu ya 6, nyama huwa nyeusi, ya kunata, na huharibika mapema hata kwenye jokofu. Bucha la mtaani litaimaliza siku hiyohiyo. Mnunuzi wa Uarabuni, anayepokea nyama ya ubaridi baada ya safari, ataikataa.

Sheria tunayo, ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha viwango vya kusafirisha na kuchinja mwaka 2005, na Umoja wa Ulaya hudai uthibitisho kuwa mnyama alichinjwa kwa masharti yanayolingana na yao.

Yanayotakiwa si ya gharama kubwa: tuta au ngazi ya kupakilia, mchanga sakafuni wasiteleze, maji na mapumziko kabla ya kuchinjwa, na kutochanganya madume wasiojuana, maana watapigana usiku kucha. Chapa ya moto nayo isipigwe pajani, inaharibu ngozi palipo bora; hereni ya utambulisho sikioni inatosha.

Mfugaji ataniambia, nikishauza, ya njiani ni ya mchuuzi. Si kweli. Minada yetu mingi bado huuza kwa kukadiria kwa macho, na mchuuzi anayejua kilo zitakazopotea barabarani huzikata mapema, kwenye bei anayokutajia pale zizini.